Mabega sio ya kubebea shanta

Vijana wanaojiandaa kwenda mafunzo ya jeshi huwa wananiuliza swali lile lile, nifanye mazoezi gani mabega yawe magumu niweze kubeba shanta, lile begi kubwa la mgongoni la askari, na ukiwaangalia wanavojiandaa ni pushapu asubuhi pushapu jioni alafu mtu anajaza mchanga kwenye begi la shule anaanza kukimbia nalo barabarani. Nimepita huko, nimebeba, na nimeona watu wenye nguvu kweli kweli, vifua vipana, wakitolewa kwenye mafunzo huku wembamba wakimaliza. Kwaiyo naomba niseme nilichokiona. Uzito peke yake huwa haumwangushi kuruta, kinachomwangusha ni kitu kidogo alichokinyamazia toka mwanzo, mkanda umekaa vibaya, soksi imejikunja, vidole vinaanza ganzi, na yeye anajiambia nitavumilia.

Tuanze na mabega yenyewe. Chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani, inapita mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Mikanda ya shanta inakaa juu ya hapo hapo. Ukining'iniza kilo 25 au 30 kwenye mikanda miwili saa tatu mfululizo unaikandamiza na kuivuta ile mishipa, ndo maana unaanza kusikia vidole vinawasha, alafu mkono unakufa ganzi, alafu unajikuta huwezi kukaza bunduki vizuri. Madaktari wa jeshi wanalijua hili tatizo miaka mingi, ni mkono kupooza kwa sababu ya shanta, na wengi wanapona lakini inaweza kuchukua wiki au hata miezi. Kwenye platuni yetu, yaani kundi letu la mafunzo, kulikuwa na jamaa mmoja, mpiga ngumi, mabega kama nguzo, asubuhi baada ya mwendo wa usiku aliamka hawezi kunyanyua mkono wa kulia kupiga saluti. Mfupa wake wa bega nyuma ulikuwa umechomoza kabisa ukimwangalia mgongoni. Ganzi alianza kuisikia mapema sana usiku ule, alisema mwenyewe baadae, ila hakumwambia mtu.

Mzigo unatakiwa ukae kiunoni. Shanta la jeshi lenye fremu na mkanda mpana wa kiuno limetengenezwa uzito mwingi ushuke kwenye mifupa ya nyonga na miguu ndo ibebe, mabega kazi yake ni kulizuia lisianguke nyuma. Na kuna mpangilio wa kulivaa ambao tulifundishwa na koplo mmoja mtaratibu sana, namshukuru mpaka leo: legeza mikanda yote kwanza, livae, inamia mbele kidogo ulipandishe, funga mkanda wa kiuno ukae JUU ya mifupa ya nyonga yaani ile unayoishika ukiweka mikono kiunoni, sio tumboni, kaza hapo mpaka usikie uzito umeshuka, ndipo uvute mikanda ya mabega iguse tu, alafu ile midogo ya juu inayovuta shanta lisogee karibu na kichwa, mwisho wa kifua. Watu wengi wanaanza na mabega kwa sababu ndio mkanda wa kwanza unaoingiza mkono, wanakaza hapo, cha kiuno kinafungwa tu kama pambo.

Sasa ugumu upo hapa, na watu wanaopanda milima kwa starehe hawaujui. Askari kiunoni tayari ana mkanda mwingine wenye mifuko ya magazini za risasi, chupa za maji, kifaa hiki na kile. Shanta linakaa juu ya ile mifuko, mkanda wake wa kiuno haupati pa kufunga. Hapo inabidi ucheze mwenyewe na vifaa vyako kambini kabla ya siku ya kutoka, sogeza mifuko ya mbele iende mbele zaidi, ya nyuma iwe juu sawa na chini ya shanta ili shanta likae juu yake kama kwenye rafu, jaribu ukiwa na uzito kamili, tembea, piga goti, lala chini, inuka. Hii kazi inachukua jioni nzima na haina mbwembwe yoyote, na naamini ndiyo jioni yenye faida kuliko mazoezi ya mwezi.

Na usikaze mkanda wa kiuno mpaka mwisho ukasahau. Ukikandamiza sana pale mbele karibu na kinena, kuna mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ngozi ya paja upande wa nje, paja linaanza kuwaka moto au linakufa ganzi. Dawa yake ni kubadilisha badilisha, unatembea kipande unalegeza mabega kidogo, kipande kingine unalegeza kiuno unabebesha mabega, hakuna sehemu moja inayoumia muda mrefu. Mimi hii ikawa tabia, kila tukipita alama fulani nagusa mikanda.

Kupanga vitu ndani nitasema kwa ufupi kwa sababu kila depo, yaani kambi ya mafunzo, ina orodha yake na hautachagua wewe. Vizito viwe karibu na mgongo na usawa wa katikati kwenda juu, vyepesi kama begi la kulalia chini, kulia na kushoto kulingane, hakuna kinachoning'inia nje kikapiga kelele au kuyumba. Kama njia ni mbovu ya mawe na makorongo shusha vizito chini kidogo usiyumbe. Kila kitu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu nguo zikilowa unabeba maji usiyoweza kuyanywa. Kisoksi cha akiba kiwe mahali unapofikia bila kulifungua shanta zima, hilo nasisitiza.

Kwa sababu miguu ndiyo hasa. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia kuruta neno moja tu ningemwambia miguu.

Lengelenge linatokea ngozi ikisuguliwa huku ina unyevu na joto, na kabla halijatoka linakupa taarifa, unasikia sehemu inachoma kama imeguswa na kitu cha moto. Hiyo taarifa inakuja mapema, mara nyingi nusu saa ya kwanza au saa ya kwanza. Ukibandika plasta pale pale umemaliza kazi. Ukisema ngoja tufike, unafika ngozi imebaki kwenye soksi, alafu unaanza kutembea upande upande kukwepa maumivu, goti linalipa, nyonga inalipa, na kesho yake una tatizo la goti ambalo chanzo chake ni kisigino. Nimeliona hilo kwa watu wengi mpaka nikawa mkali nalo, nikiwa kiongozi wa seksheni, kikundi kidogo ndani ya platuni, nilikuwa nauliza kila mtu kwa jina miguu ikoje, na sikubali jibu la "fiti afande", nataka uniambie kidole gani.

Jeshi la Marekani kwenye utaratibu wao wa mwendo wa miguu wa mwaka 1990 waliweka kwamba mapumziko ya kwanza yawe baada ya dakika 45 na yachukue dakika 15, alafu baada ya hapo dakika 10 kila baada ya dakika 50. Ukiangalia haraka utashangaa kwanini ya kwanza ndo ndefu wakati watu bado wana nguvu. Ndo hekima yenyewe hiyo, yale mapumziko ya kwanza ni ya kurekebisha, mkanda, soksi, kitu kinachochoma mgongo, kwenda haja. Nimewahi kuwa chini ya mkufunzi aliyekuwa hasimami kabisa saa mbili za mwanzo akiamini anajenga ukakamavu na aliyesimama kurekebisha buti alipewa adhabu mbele ya wenzake. Alichojenga ni watu wanaoficha. Siku ya tatu nusu ya platuni ilikuwa inachechemea na yeye akaandika kwamba kundi lile ni legevu.

Kwenye mapumziko fanya kazi kwa mpangilio: shusha shanta, kaa juu yake au liegemee, miguu juu, vua buti kama muda unaruhusu, kausha katikati ya vidole, badilisha soksi, ile iliyolowa ibane chini ya mkanda wa shanta nje ikauke ukitembea. Soksi mbili, nyembamba ndani nene nje, zinasaidia sana kwa sababu msuguano unatokea kati ya soksi na soksi. Buti jipya usitoke nalo kamwe. Na kama una uchaguzi wa buti chukua nyepesi, kilo moja mguuni inakula nguvu yako kama kilo nne mpaka sita mgongoni, hili limepimwa na watafiti kwa kupima hewa ambayo mtu anavuta akitembea, na mwili wako utakuambia hivo hivo ukivaa buti zilizojaa tope.

Mwendo nao una siri zake. Kwenye safu ndefu mtu wa mbele akipunguza kidogo kwenye kilima alafu akaongeza akishuka, wa mwisho anasimama kabisa alafu anakimbia kufukuzia, na kukimbia na shanta ndiko kunakomaliza magoti. Kwaiyo kuruta dhaifu wakiwekwa nyuma, kama inavyozoeleka, wamewekwa mahali pagumu kuliko wote. Waweke mbele. Sisi tulipobadilisha hivo, wafupi na waliochoka wakaenda mbele wakaongoza spidi, safu nzima ilifika pamoja na mapema zaidi, na wale wenye nguvu nyuma walilalamika kidogo tu kwamba wanaenda taratibu.

Vipimo vya kuhitimu vinatofautiana. Wamarekani kwenye beji ya ubingwa wa askari wa miguu wanataka maili 12, yaani kama kilomita 19, ndani ya saa 3 na mzigo wa pauni 35 bila kuhesabu maji, ambazo ni karibu kilo 16. Makomando wa jeshi la majini la Uingereza wanamaliza mafunzo yao kwa maili 30 kwenye nyika ya Dartmoor, kuruta wana saa 8. Ukipiga hesabu hizo spidi zote unaona ni kutembea kwa haraka sana na kukimbia kidogo kidogo kwenye mteremko mpole. Hatua ndefu za kujivuta zinaumiza nyonga, piga hatua fupi za haraka, kwenye mlima lete mwili mbele ukianzia kwenye vifundo vya miguu sio kuukunja mgongo, kwenye mteremko mkali magoti yalegee na usiruhusu shanta likusukume.

Mzigo wa askari sio jambo la juzi. Askari wa Kirumi waliitwa nyumbu wa Marius, nyumbu wale wa kubebea mizigo sio wa porini, kwa sababu jenerali wao huyo Marius alitaka wabebe vifaa vyao wenyewe badala ya kutegemea msururu wa wanyama. Na wanaosema magari na helikopta zimemaliza haya mambo waangalie vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, Waingereza na Waargentina. Meli ya mizigo ya Waingereza, Atlantic Conveyor, ilipigwa, helikopta kubwa za kubebea zikateketea nayo karibu zote, makomando wa Uingereza wakalazimika kwenda kwa miguu karibu kilomita 90 kwa siku tatu, kila mtu na mzigo wa kama kilo 36, kwenye udongo wa majimaji na baridi, alafu wafike wapigane. Waliokuwa na miguu mibovu kwa sababu ya kulowa muda wote walikuwa wengi. Hapo ndo nilielewa kwanini tunabebeshwa, mafunzo yanauliza swali moja tu, ukifika utaweza kufanya kazi iliyokupeleka? Kufika umekufa nusu hakujibu hilo swali.

Na kuna siku ya Normandy, pwani ya Ufaransa, mwaka 1944 kwenye vita ya pili ya dunia, askari walishuka kwenye boti maji yakiwa yamewafika vichwani na mizigo mgongoni, wengi wakazama bila kupigwa risasi. Kwaiyo ukikaribia kuvuka maji, mto, hata daraja bovu la magogo, fungua mkanda wa kiuno na wa kifua, legeza mabega, uweze kulitupa shanta kwa sekunde moja. Tulikuwa tunarudia hilo mpaka mkono unafanya wenyewe gizani.

Sasa nije kwenye mambo ambayo kunyamaza kwake kunaua, na hapa naandika kwa uchungu.

La kwanza mifupa. Daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, anaitwa Breithaupt mwaka 1855 aliandika kuhusu askari waliokuwa wanavimba miguu na kuumwa baada ya kutembea sana, hakukuwa na eksirei wakati huo hakujua ni nini. Picha za eksirei zilipokuja mwishoni mwa karne ile ikaonekana ni mifupa ya unyayo imepasuka kwa kupigwa pigwa bila kupumzishwa. Maumivu yake yana tabia, yanaanza ukitembea yanaisha ukipumzika, baada ya siku kadhaa yanaanza mapema zaidi, mwishoni yanauma hata usiku umelala, na ukibonyeza kwa kidole kuna sehemu moja ndogo kabisa inayouma. Ikiwa hivo kwenye unyayo, muundi au kinena, nenda kwa daktari wa kikosi siku hiyo hiyo. Ikigundulika mapema ni wiki kadhaa za kupumzika. Ukiendelea kutembea nayo mfupa unavunjika kabisa, na wa nyonga ukivunjika mara nyingi umeaga jeshi. Kuruta wa kike wanaipata zaidi, na wakufunzi wengine wanasema ni uvivu, mi nakataa. Mzigo unapangwa kwa kilo zile zile kwa wote, kilo 25 kwa mtu wa kilo 85 na kilo 25 kwa mtu wa kilo 55 ni kazi mbili tofauti kabisa. Hesabu inayotumika sana ni kwamba mzigo wa kupigania, ule wa kuingia nao kwenye mapambano, usizidi kama theluthi moja ya uzito wa mwili, na kwenye mafunzo hesabu hiyo inavukwa kila siku, basi angalau tujue nani anaibeba ile tofauti.

La pili joto. Mwezi Julai mwaka 2013 askari watatu wa akiba wa Uingereza walikufa kwa sababu ya mwendo wa mchujo na mizigo kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales, siku ya joto kali. Walikuwa watu wa mazoezi. Tena mtu mwenye ari ndiye aliye kwenye hatari zaidi, maana yule mvivu anakaa chini mwenyewe. Usisubiri jasho likauke kama watu wanavoamini, anaweza kuwa bado anatoka jasho na ndani anaungua. Angalia akili. Muulize jina la mkufunzi, tuko wapi, tunaelekea wapi. Akijibu ovyo, akiwa mkali bila sababu, akiyumba kama mlevi, hapo hapo mzigo chini, nguo zitoke, maji baridi mwili mzima, mzamishe kama kuna pa kumzamisha, unampoza KWANZA alafu ndo asafirishwe, dakika zile ndio maisha yake.

La tatu maji, na hili linawashangaza wengi. Kunywa kupita kiasi nako kunaua, chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba. Wamarekani walibadilisha mwongozo wao mwaka 1998 baada ya kupoteza askari kwa hilo, wakaweka ukomo wa kama lita moja na nusu kwa saa na kama lita 11 kwa siku. Mtu ambaye amekunywa sana, anatapika maji meupe, kichwa kinamgonga na tumbo limejaa, usimlazimishe chupa nyingine. Na baada ya mwendo ukiona mkojo umekuwa rangi ya kahawia iliyokolea kama soda ya kola, misuli imevunjika inaingia kwenye figo, sio jambo la kusubiri kesho.

Kwa wanaojiandaa bado wako uraiani, begi la mchanga na kukimbia acheni. Tembea. Anza na mzigo mdogo, ongeza umbali kwanza, umbali ukishazoeleka ndo ongeza kilo chache, usiongeze vyote wiki moja. Mwendo wa mzigo mmoja kwa wiki unatosha, siku nyingine kimbia bila mzigo na fanya mazoezi ya miguu, mgongo na tumbo, kuchuchumaa na uzito, kupanda ngazi. Mifupa inakomaa taratibu kuliko misuli, kwaiyo ile wiki unayojisikia una nguvu sana ndiyo wiki ya kujizuia.

Na ukishaingia, jua mwenzako wa kushoto na kulia. Bunduki nzito ya seksheni ipokezaneni kwa muda uliopangwa, sio mpaka mtu aombe, maana hataomba. Ukiona mwenzako kaacha kuongea, kichwa kimeangalia visigino vya wa mbele, mikono imeshika mikanda ya mabega kuiinua, huyo tayari vidole vina ganzi, msogelee mshike shanta kwa chini umnyanyulie kidogo huku mnatembea, umwambie akaze kiuno alegeze juu. Inachukua nusu dakika na hakuna anayehitaji kusimama.